Suruali ya Leanne Kwenye Kamba

Asubuhi ile Enid alitangulia kuamka, kama siku zote. Wilf alisikia birika likichemka, kisha mlango wa nyuma, akajua ameenda kuanika nguo. Aliposhuka alimkuta uani na vibanio mdomoni. Katikati ya mashuka ilikuwa inapepea suruali ya jinzi, nyembamba, ya msichana. Kamba yao ilitazamana na njia ambayo kijiji kizima hupita kwenda dukani.

Wilf akamwambia aiondoe.

"Imelowa, mzee. Ikikauka nitaiondoa."

"Watu watauliza ya nani."

"Waambie yangu," Enid akasema, akajipiga kofi kwenye nyonga zake pana. "Wakiamini, watakuwa wamenisifu."

Wilf hakucheka. Aliivuta suruali akaenda kuitundika kwenye banda la makaa. Enid hakumgombeza. Alimmiminia chai, akapanga yai na mkate kwenye sinia, akapanda ngazi kumpelekea mjukuu wao, Leanne, aliyekuwa amejificha chumba cha nyuma. Akashuka, akavaa koti, akakata maua ya bustanini kwenda kupamba kanisa. Huko kanisani alianguka kati ya mabenchi, bado ameshika maua. Moyo. Daktari alipofika hakuwa na la kufanya.

Enid alizaliwa juu kabisa ya bonde lile la kaskazini mwa Uingereza, kwenye shamba la kondoo. Alipokuwa msichana walimpeleka mjini Harrogate kufanya kazi hotelini, na wiki haikuisha akarudi kwa miguu, sanduku mkononi. Baba yake hakumuuliza kitu. Alimpa ndoo akawanyweshe kondoo. Baadaye aliolewa na Wilf, mjenzi wa kuta za mawe, ambaye kusoma hakujua na kuandika aliandika jina lake tu. Miaka yote alipika kwenye jiko la shule ya kijiji, hata watu wazima wenye ndevu wakimwona njiani walikumbuka kastadi yake, ule uji mtamu wa maziwa na mayai. Ng'ambo hakuwahi kwenda. Pasipoti hakuwahi kuwa nayo.

Leanne walimlea wao, maana mama yake alikuwa mjini Leeds na mume mwingine. Alikuwa mtoto wa kwanza wa nyumba ile kupata nafasi chuo kikuu. Lakini siku hizi vijana hawaingii chuo moja kwa moja. Huchukua mwaka mzima wakaenda nchi za watu kujitolea, ndipo warudi wasome. Leanne alitaka kwenda Nepal kufundisha watoto, na kijiji kikachanga. Akina mama walioka keki wakaziuza kwenye ukumbi wa kanisa. Wilf naye akafanya ambalo wanaume wa kule hufanya wakitaka kuchangisha: alikaa mbele ya baa, ndani ya beseni la bati la kuogea lililojaa maharage ya kopo, ya baridi, kutwa nzima. Watu walimzunguka wakitupa sarafu kwenye ndoo.

"Wilf, nyuma ya masikio umesugua?"

"Mpeni kipande cha mkate mzee wa watu."

Alichekwa hata na mbwa. Lakini aliona fahari. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amekaa bure na watu wanamshukuru.

Leanne akaenda. Na kabla hata majani ya mwaka ule hayajaisha kupukutika mitini akarudi. Alishuka basi la jioni, kofia ya koti imemfunika uso, begi la mgongoni bado lina harufu ya upya. Wilf alimwuliza nani amemdhuru. Hakuna. Aliumwa? Hapana. Watu wa kule walikuwa wema, watoto walikuwa wema. Alilia kila siku, chakula hakikupita, usingizi hakupata. Akaomba kurudi.

"Hakuna kilichonipata, babu," alisema. "Ubaya wake ndio huo."

Afadhali angevunjika mguu. Mguu uliovunjika Wilf angeweza kwenda nao baa. Lakini hiki angekiingiza vipi mbele ya watu waliomwona ndani ya maharage? Akasema mtoto akae juu na asisogelee dirisha.

"Mpaka lini?" Enid akauliza.

"Mpaka nipate la kusema."

Enid akaenda kumtandikia mtoto kitanda.

La kusema Wilf hakulipata, bali la kuongopa alilipata kila Ijumaa. Wakimwuliza baa Leanne anaendeleaje, alijibu hajambo. Wiki moja alisema amejifunza lugha ya kule. Nyingine, amepanda mlima wenye theluji. Wanaume walitikisa vichwa, wakatazama ndani ya glasi zao, mmoja akauliza kama kule baridi ni kali. Kali, Wilf akasema, lakini amezoea. Nyumbani mtoto aliyepanda mlima alikuwa akinyata na soksi ili mbao za sakafu zisilie.

Sasa Enid amekufa. Desturi ya kule ni kwamba jeneza hutoka nyumbani, na wa nyumbani hulifuata kwa miguu mpaka kanisani, kijiji kimesimama kando ya njia. Mtu wa majeneza aliuliza nani atatembea. Wilf akajibu, mimi. Akaulizwa, peke yako? Juu ya vichwa vyao ubao mmoja ukalia.

Siku ya mazishi Leanne alishuka ngazi amevaa koti jeusi la bibi yake, mikono imezidi urefu.

"Natembea na bibi," alisema.

Wilf alikuwa ameshapanga. Alimwambia sawa, ila watu wataambiwa amefika jana kwa ndege, amepewa ruhusa ya msiba, na baada ya hapo atarudi Nepal.

"Nimechoka kuwa Nepal, babu."

Hakupaza sauti. Alisema vile mtu asemavyo amechoka kusimama. Nje wabebaji walikuwa tayari wameliinua jeneza. Wilf akafungua mlango wakatoka wote wawili.

Alitembea macho chini, anasubiri minong'ono. Aliona viatu vya watu kando ya njia, viatu vya Jumapili. Hakuna aliyeshtuka. Penye lango la kanisa Dot Alderson, jirani yao mfuga kuku, alitoka kwenye mstari akamkunjia Leanne mikono ya koti, kwanza mmoja, kisha wa pili.

"Mbona umekonda hivi, mwanangu? Mayai ninayokuletea huli?"

Ibada yote Wilf hakusikia neno. Akili yake ilikuwa kwenye yale mayai.

Baada ya kuzika walikunywa chai ukumbini. Leanne alikuwa anapitisha sahani za sandwichi na watu wanapokea kama wamemwona jana. Wilf alimvuta Dot pembeni, akamwuliza wamejua tangu lini.

Tangu wiki ile ile aliyorudi, Dot akasema. Enid aliwakuta akina mama wanafagia ukumbi huu huu, akawaambia akiwa amesimama, ufagio mkononi. Jioni yake baa nzima ilikuwa inajua.

Wilf akaukumbuka mlima, na wale wanaume na glasi zao. Akakumbuka suruali, ambayo bado ilikuwa bandani, imelowa, imeshika vumbi la makaa, maana hakuna aliyekwenda kuitoa. Ndani ya maharage hakuona aibu, sasa alitamani beseni lile limfunike mpaka utosini. Na Enid, ambaye angemcheka aibu ikaisha, hayupo.

Aliomba aambiwe Enid alisemaje, neno kwa neno, asipunguziwe. Dot akaweka kikombe chini.

"Alisema hivi: 'Leanne amerudi, yuko juu, amelala. Wilf anaona aibu, kwa hiyo msimwambie kama mnajua. Na akiwadanganya mwitikieni tu, mzee wangu huyo hana kingine cha kujifunika.'"