Pasi ya Getini

Juzi mpwa wangu alinitumia video akiwa kwenye treni huko Ulaya. "Mjomba, hapa tumeshaingia nchi nyingine, na hakuna aliyeniuliza pasi!" Nilicheka, halafu kicheko kikaniishia mdomoni.

Nilikumbuka mchana ule mama aliponichukua kwenda kumwona mdogo wake aliyekuwa amejifungua, kwenye nyumba za wafanyakazi ndani ya uzio wa mgodi. Kikapu cha michembe, vile viazi vikavu, kilinukia utamu njia nzima. Gauni lake lilikuwa limetoka sandukuni, linanuka dawa ya mende, mikunjo imesimama.

Mlinzi alituamkia vizuri, siwezi kumsingizia. "Shikamoo mama. Pasi iko wapi?"

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Nikamwambia mama, tena kwa sauti, "Si nilisema tuazime pasi ya mkaa kwa Mama Kabula?"

Foleni nzima ilicheka. Mama hakucheka. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, na mimi ndiye niliyekuwa nasoma shule, kwa hiyo aliniamini. Aliweka kikapu chini, akaanza kunyoosha gauni kwa viganja, haraka haraka. "Subiri baba, subiri kidogo."

"Ni pasi ya kuingilia, mama," mlinzi alisema taratibu. "Siyo ya nguo."

Tulirudi na michembe yetu.

Ile video nimeitazama tena leo. Shati la mpwa wangu limejikunja vibaya sana.