Ngano ya Stamati

Tangu kengele za Zakintho zilipolia kushangilia kwamba Waturuki wameshindwa baharini, Marula hakupata usingizi wa maana. Mwanawe Stamati alichukuliwa na Wavenisia, watawala wa kisiwa, akapige makasia kwenye merikebu zao za vita. Baridi ilikuja ikapita, hakurudi.

Kila Jumapili Marula alimtajia Padri Anagnosti majina ya kuombewa, kwanza walio hai, kisha marehemu. Jina la Stamati alilitanguliza kati ya walio hai, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. Kumtaja mtu hai upande wa marehemu ni kumchimbia kaburi, hata mtoto analijua hilo.

Ikafika Jumamosi ya kuombea wafu, ambapo kila nyumba huchemsha ngano kwa ajili ya marehemu wake na kuigawa kanisani.

"Mama, chemsha ngano," alisema Zabeta, mke wa Stamati. "Mimi si mke, si mjane. Nikae hivi mpaka lini?"

"Una haraka ya kuolewa wewe! Kitanda hakijapoa."

"Kimepoa, Mama. Hulali humo, ndiyo maana hujui."

Marula akajifunga mtandio, akaenda kwa Thodori, aliyepiga makasia benchi moja na Stamati na kurudi na mkono mmoja. Alimkuta amebana kitunguu kwa magoti, anakimenya.

"Thodori mwanangu, ulimwona akifa?"

"Hapana."

"Basi yu hai!"

"Mama Marula, merikebu ilishika moto, na sote tumefungwa minyororo miguuni. Kombora la mzinga likavunja upande wangu wa benchi, likachukua mkono na mnyororo pamoja. Nikaangukia majini."

"Na mnyororo wake?"

Thodori alikitazama kitunguu.

"Wake ulikuwa mzima."

Marula alirudi, akachemsha ngano, akaichanganya na zabibu na komamanga bila kumsemesha Zabeta.

Kanisani padri aliuliza, "Walio hai?" Marula akamtaja Zabeta na mjukuu wake, mtoto wa Stamati, akaishia hapo. "Marehemu?" Akamtaja mumewe, wazazi wake, dada yake aliyekufa mchanga. Zabeta akamgusa kiwiko.

"Na Stamati," alisema Marula. Hata aliye karibu hakusikia vizuri.

"Nani?" aliuliza padri.

"Stamati!"

Padri akaimba jina hilo pamoja na mengine. Marula alijiziba mdomo, lakini neno lilikwisha toka.

"Padri, je, kama nimekosea?" aliuliza ibada ilipokwisha.

"Mungu anajua, mama."

"Yeye anajua. Mimi je, nani ataniambia?"

Nyuma yao watu walikuwa wamekwisha kinga viganja, wakipokea ngano na kusema, "Mungu amrehemu." Marula hakula.