Namba Saba wa Kawangware

Mwaka ule macho ya mume wangu, Ramadhani, yalikuwa yamekwisha, na waliojua ni wawili tu, yeye na mimi. Watu wa Makina, mtaa wetu wa Kibera, walidhani ameingiwa na maringo, maana alikuwa akiwapita bila salamu. Sikuwasahihisha. Mwenye maringo husamehewa. Asiyeona hapewi kazi ya kuchagua wachezaji.

Kazi hiyo ndiyo iliyonitoa Kibera kwenda Kawangware, kwa hiyo niieleze kwanza. Ilikuwa miaka kama kumi baada ya uhuru. Viwanda vinne vya mjini vilikuwa na timu za mpira, na kila mwaka, vijana wa vyuo walipokaribia kumaliza masomo, wakubwa wa viwanda walikaa ukumbi mmoja wakawachagua kwa zamu, wewe mmoja, mimi mmoja, ili wasinyang'anyane. Kijana aliyechaguliwa alipata kazi na chumba. Ramadhani alikuwa akikichagulia kiwanda cha sabuni, na mwaka uliotangulia alichagua kwa masikio. Alisikia uwanja mzima ukiita, "Wekesa! Wekesa!" akamchukua huyo Fredrick Wekesa. Kumbe watu walikuwa wakimkemea, kila mpira anapoteza. Mwenyekiti wa timu, Bwana Mwangangi, akamwambia ukikosea tena orodha nampa mtu mwingine. Sasa walitaka winga, na vyuo vilikuwa vinacheza Kawangware, Jumamosi na Jumapili.

Alhamisi jioni Ramadhani alinifundisha cha kutazama. Mbio nisizijali sana, alisema, mbio hata mbuzi anazo. Nitazame mpira mrefu ukitoka nyuma: winga anauangalia mpira, au anamwangalia beki anayekuja kumgonga? Ukifika unalala mguuni, au unamkimbia? Na mpira ukiwa upande wa pili, yeye anafanya nini? Mimi shule niliacha darasa la pili, kuandika kwangu kulikuwa kwa shida, na hata ningeandika, yeye asingesoma. Tukakubaliana nisuke. Ningechukua ukindu, nisuke tabaga, kile kifuniko cha chakula cha sisi Wanubi, kila winga na mzunguko wake. Mpira ukilala mguuni, fundo. Ukimtoka, tundu. Akimwacha beki nyuma, mshono mnene. Mafundo na matundu vidole vinasoma.

Jumamosi saa mbili asubuhi nilitoka Makina na gurusa kumi na mbili kwenye kitambaa, chapati zetu nyembamba zile, na ukindu kwapani. Nilipita Woodley kwenye nyumba zenye ua wa kayaba, nikatokea barabara ya Ngong, nikafuata uzio wa uwanja wa maonyesho upande wenye kivuli. Dagoretti Corner nilipumzika kwa muuza miwa aitwaye Njuguna. Aliuliza hiyo tabaga nauza kiasi gani. Nikamwambia ina mwenyewe. Akasema basi huyo mwenyewe ana njaa, kama anaweza kungoja chakula kifuniko kisukwe kwanza. Nilicheka, nikanunua muwa, nikashuka njia ya kulia, udongo mwekundu mpaka vifundoni.

Saa nne nilifika kwa Mama Gathoni. Yeye na mimi tulijuana hospitali, vitanda jirani; alimzaa Gathoni siku niliyomzaa Amina. Kawangware ni kwao tangu babu wa mumewe. Shamba lao walikuwa wameshalijenga vyumba vya mabati vya kupangisha, safu mbili, na katikati yake bado alipanda mahindi kwa ukaidi. Ua wa nyuma ulipakana na uwanja wa mpira, na mfereji wake wa maji ndio wachezaji walioutumia.

Nilimwambia ukweli wa safari, kwa sababu nisingeweza kulala kwake na uongo. Alikunywa chai yake hadi chini.

"Sasa wewe Mama Amina, hata siku moja umewahi kupiga mpira?"

"Sijawahi."

"Na utajua aje mwenye anajua?"

"Wewe umewahi kuwa ng'ombe? Na si unamjua mwenye maziwa."

Alisema ng'ombe haendi chuo, akanisogezea kigoda.

Jumamosi saa nane mchana tulikaa mstarini, yeye anamenya maharagwe, mimi nasuka. Wanaume waliokuwa hapo walitutazama mara moja tu. Winga wa kwanza kwenye orodha ya Ramadhani alikuwa Stephen Gakuo wa chuo cha ualimu. Alikuwa na mbio, sikatai. Lakini mpira ukimfika alikuwa ameshageuza kichwa kumtafuta beki, na ukimgonga ugokoni unaenda zake. Nikaacha tundu, kisha tundu.

"Huyo mama yake tunaimba pamoja kanisani," Mama Gathoni alisema. "Muongezee fundo mbili."

"Hii si sadaka, Mama Gathoni."

"Basi moja."

Sikumwongezea. Hata hivyo kijana alifunga bao moja, na watu waliondoka wakimtaja. Nilijua jina lake lingefika ukumbini kabla yangu.

Jumapili Mama Gathoni alirudi kutoka kanisani saa sita, na mechi ikaanza saa nane. Huyu wa leo ndiye aliyesemwa mji mzima: namba saba wa chuo cha ufundi, Peter Isiaho. Walisema kipindi cha kwanza anatumia mguu wa kulia, kipindi cha pili wa kushoto, na beki aliyemzoea kabla ya mapumziko hamjui tena baadaye. Kipindi cha kwanza nilisuka mafundo ya kutosha na matundu manne. Alikuwa mzuri. Ila mpira ukienda mbali alisimama, mkono kifuani. Nikaacha ukindu laini, bila chochote, kuonyesha hapo amesimama.

Wakati wa mapumziko ukindu ulikuwa umekauka. Ukindu mkavu hukatika, kwa hiyo niliingia uani kuulowesha. Nyuma ya tangi la maji nilikuta vijana wawili. Mmoja alikuwa kifua wazi, anapumua kwa filimbi kama mwenye pumu. Mwingine alikuwa amevaa jezi namba saba, mbichi kwa jasho la mwenzake, anafunga kamba za viatu ambavyo mwenzake ametoka kuvivua.

Walikuwa kimo kimoja na kunyolewa kumoja. Yule wa viatu aliinuka.

"Mama, hujaona kitu."

"Nimeona. Jina lako nani?"

"Peter."

"Peter ni huyu anayekosa pumzi. Mimi nakuuliza la kwako."

Alimtazama mwenzake. Yule wa pumu akasema, kwa kukatizwa na kifua, mwambie tu, mama wa watu ana ukindu, hana kalamu.

"Elam Mukabwa," akasema. "Orodha ya chuo ilipelekwa mimi nikiwa nyumbani, nimeenda kuzika. Sikuandikwa. Mwalimu anajua, lakini ukisema tutafukuzwa mashindano."

Nilimwambia mashindano yao hayanihusu, aende, filimbi imelia. Akaniuliza mbona basi nataka jina. Nikasema nikimtazama mtu hupenda kujua ninamtazama nani.

Kipindi cha pili nilikata ukindu nikaanza mzunguko mpya. Watu waliita "Peter!" na Elam aliitikia kwa jina hilo kama ndilo alilozaliwa nalo. Mpira mrefu ulitoka nyuma, ukapita juu ya bega lake la kushoto, na beki, jitu la kutisha, anamjia. Hakumwangalia beki hata kidogo. Aliutazama mpira mpaka ukalala kwenye mguu wa kushoto, ndipo akagongwa, akaanguka nao, akainuka nao. Fundo. Mpira ukiwa mbali hakusimama. Alitembea hatua mbili ndani, hatua tatu nje, beki akachoka kumfuata kabla ya kazi kuanza. Mzunguko wake ulikuwa na tundu moja tu, nalo lilitokana na kiatu kumchomoka.

Saa kumi na moja kasoro nilianza kurudi. Mama Gathoni alinisindikiza mpaka Dagoretti Corner, na njiani, nilipomweleza niliyoyaona tangini, hakutania.

"Ukimtaja huyo kijana, watauliza ni nani alimuona," alisema. "Si ndiyo? Wanaume wote wameona Peter. Mumeo peke yake ataona mwingine?"

Nilimwambia nimeliwaza hilo tangu tangini.

"Basi mwambie achukue wa kanisa letu. Hakuna mtu atamuuliza kitu."

Lilikuwa shauri jema. Nilitembea nalo mpaka nyumbani.

Makina, jua likizama, Ramadhani aliichukua tabaga akaiweka magotini bila kunisalimu. Vidole vyake vilimpitia Stephen Gakuo upesi. Kwa namba saba vilikwenda pole pole. Vikafika nilipokata ukindu, vikarudi nyuma, vikaja tena.

"Hadija, hapa kuna watu wawili."

Nilikuwa bado sijamwambia neno. Nikamweleza yote: tangi, viatu, pumu. Nikamweleza na shauri la Mama Gathoni pia, kwa sababu halikuwa langu la kuficha. Aliuliza tu huyo wa pili anaitwa nani, akalirudia jina mara tatu.

Jumanne saa nne nilimwongoza mjini hadi ukumbini, nikawaambia watu ana mguu mbaya. Wanawake hawakuingia. Nilikaa kwenye benchi chini ya dirisha.

Zamu ya kwanza ilikuwa ya kiwanda cha magunia. Walimchagua Peter Isiaho, namba saba, na wakapigiwa makofi. Zamu ya pili ikawa yetu. Karani, Bwana Fernandes, alisoma waliobaki, jina la kwanza Stephen Gakuo. Nilisikia mtu akisema Ramadhani leo ana bahati, amebakishiwa chakula kwenye sahani.

"Elam Mukabwa," Ramadhani alisema.

Karatasi ziligeuzwa.

"Huyo hayumo, mzee," akasema Fernandes. "Ni namba ngapi?"

"Hana namba. Alivaa ya mwenzake, kipindi cha pili."

Walicheka, na watu wa magunia walicheka zaidi, mpaka walipoelewa ilimaanisha nini kwao. Bwana Mwangangi alingoja wanyamaze.

"Ramadhani, ulimwona kwa macho yako?"

Hapo angeweza kusema ndiyo. Nilikuwa nimejiandaa kusikia ndiyo.

"Macho yangu hayajui hata wewe uko upande gani wa meza," alisema. "Aliyemwona ni mke wangu. Yuko hapo nje."

Waliniita. Niliingia na viatu vyangu vya vumbi, nikaweka tabaga mezani, nikawaonyesha Peter ni wapi na Elam ni wapi. Mmoja aliuliza kama sasa tunachagua wachezaji kwa vikapu. Mwangangi alituma mtu kumwita mwalimu wa chuo, aliyekuwa akingoja nje na wenzake, na mwalimu alipoiona ile tabaga na kusikia habari ya tangi, alikiri.

Fernandes aliandika jina. Kisha Mwangangi akaomba karatasi nyingine, akasema kwa upole kwamba kuanzia siku ile orodha ya wachezaji itashikwa na mtu mwingine. Ramadhani aliitikia. Saa ile ile Elam aliingia kiwandani, na Ramadhani akatoka kwenye kuchagua. Alibaki na kazi yake ya stoo, akihesabu sabuni kwa mkono.

Kurudi Kibera tulipita njia ya mbali, yeye ameshika bega langu waziwazi, hakuna tena habari ya mguu. Tulipofika Makina aliwasalimu watu mmoja mmoja kwa majina, akiwatambua kwa sauti zao. Sefu, Mama Zubeda, Abdalla fundi. Walishangaa.

Peter Isiaho hakufutwa, maana kwa desturi yao jina likishaandikwa limeandikwa. Aliwachezea magunia nusu ya kila mechi, nusu nzuri, baadaye akapewa kazi ya kupima magunia kwenye mizani. Stephen Gakuo alichukuliwa zamu ya tatu, na Mama Gathoni alinichinjia kuku kana kwamba ni mimi niliyefanya hivyo.

Nilichokipata katika safari ile ni kidogo. Namba ya mgongoni huvuliwa ikapewa mwingine, kwa hiyo mtu muulize jina lake.

Elam alipocheza mechi yake ya kwanza tulikwenda, Ramadhani na mimi, tukakaa mstarini. Nilikuwa na ukindu, umelowa vizuri. Dakika chache baadaye uwanja mzima ulianza kupiga kelele, "Mukabwa! Mukabwa!" Ramadhani akanigeuzia uso, na nikaona amekumbuka yule Wekesa.

"Hadija," aliuliza, "wanamkemea?"

Nilisuka fundo, nikalikaza, nikaliweka chini ya kidole chake.