Madundu Niliowaokota Juu ya Shimo la Ndizi

Mavi ya ng'ombe yakinyeshewa yananuka majani mabichi na joto. Wengine harufu hiyo huwakumbusha maziwa. Mimi hunirudisha uwanjani kwetu, Nyamirambo ya juu, kule nyumba zilikokwisha na mlima kuanza, na nikishafika pale sitoki siku nzima.

Tulikuwa watatu: mama, kaka yangu Fideli wa miaka kumi na saba, na mimi wa miaka tisa. Baba walimchukua mwaka wa tisini, hakurudi. Tulibaki na ng'ombe mmoja na jirani mmoja wa kumwamini, aliyekuja kila asubuhi na kikapu kuchukua samadi ya migomba yake. Jina lake silifichi: Anastazi.

Ndiye aliyenifundisha madundu wa mavi. Mvua zikishuka walitoka ardhini weusi, wanang'aa kama viatu vya padri. Mmoja alifinyanga donge lake akalisukuma kinyumenyume, kichwa chini miguu juu, kama mtu anayesukuma gari bovu mlimani. Likimponyoka alilifuata bila kumlaumu mtu. Wengine walichimba hapohapo chini ya mavi, wakayashusha, wakatoa juu vilima vidogo vya udongo mwekundu. "Hayo waachie," Anastazi aliniambia. "Hawa wanalima bila jembe. Nzi wanakosa pa kutagia, ardhi inakuwa laini, mbegu alizokula ng'ombe zinaota." Nilimpenda yule mzee, nisiwadanganye.

Aprili ya tisini na nne, walipoanza kuua watu wa kabila letu, mama alimwingiza Fideli katika shimo la nyuma ya nyumba, lile la kuivishia ndizi za pombe. Akalifunika kwa miti, majani ya migomba na udongo, kama shimo lenye ndizi linavyofunikwa, akaacha tundu la hewa penye shina la mgomba. Kisha akaniambia nimwage mavi mabichi juu yake, mbwa wa wauaji wasimnuse.

Nilimwaga. Madundu wakaja, maana mvua ilikuwa kubwa. Hapo ndipo nilipokosea. Niliogopa watachimba mpaka kwa Fideli, wamwingie masikioni, apige kelele. Basi siku tatu, kutwa nzima, niliwaokota mmoja mmoja nikawatupa upande wa ng'ombe. Mama hakujua, alikuwa ndani anasali.

Siku ya nne Anastazi akaja na mwanawe Klodi, na Bizimana fundi baiskeli, na wengine ambao sikuwajua. Walipekua nyumba, hawakuona kitu, wakawa wanaondoka. Anastazi akasimama nyuma ya nyumba, akageuza mavi kwa ncha ya panga. Chini yake hapakuwa na tundu wala kilima.

"Mama Fideli," akasema, "Ramadhani si imekwisha? Mbona madundu ya kwako bado iko inafunga?"

Wenzake wakacheka.

"Mchukue ng'ombe, Anastazi," mama akasema. "Mchukue sasa hivi, na kamba yake."

"Ng'ombe nitachukua." Akanigeukia, kwa sauti ileile ya kila asubuhi. "We mtoto, mimi nilikufundisha nini?"

Akagonga chini kwa panga. Pakalia kama mtungi mtupu.

Fideli alitoka mwenyewe, udongo kichwani. Alisema tu, "Mtoto msimguse." Hawakunigusa. Mama aliwafuata nyuma akiwasihi. Naye hakurudi.

Kwa miaka mingi sikumwambia mtu habari za madundu. Nilijua nani alishika panga, lakini moyoni niliyewaua ni mimi. Mpaka siku ya gacaca, mahakama ya wanakijiji wenyewe, tulipokaa kwenye majani kusikiliza kesi, Anastazi akasimama akasema alijua tangu siku ya kwanza. Shimo lile walilichimba pamoja na baba yangu. Hata yeye aliivishia ndizi zake humo. Alikuwa anangoja wenzake tu.

Nikamuuliza, kwa nini basi ulinisemesha mambo ya madundu?

Akajikuna kidevu. "Nilikuwa nachekesha watu."

Majirani walinishika mkono wakaniambia, sasa umetua mzigo. Hawakuelewa. Miaka yote ile kosa langu lilikuwa limeniachia siku moja ambayo Fideli angeweza kupona: ile ambayo ningewaacha wadudu wachimbe. Anastazi akanichukulia na hiyo.