Nilivyopuliza Mashine Kama Pasi

Mimi ni fundi cherehani hapa Kamembe, na nina ndoto: mabibi harusi wa Bukavu wavuke mpaka kuja kushonewa kwangu. Msicheke. Nawaandikia nyinyi mnaosubiri kutolewa pafu, kwa sababu mimi nimetolewa, na bado nipo.

Kifua kikuu kilinishika nikiwa bado najifunza kazi. Nilimeza dawa zote, nikapona, lakini pafu la kushoto lilibaki limeharibika. Nilikohoa makohozi yenye harufu, halafu damu. Siku moja damu ilirukia satini nyeupe ya mteja. Nililia sana, na zaidi niliililia satini.

Kule Kigali daktari akasema pafu litolewe. "Lakini kwanza tukadirie kama litakalobaki litakutosha." Wakanipa mrija wa mashine, nikapuliza. Daktari akatazama karatasi, akatikisa kichwa. "Pumzi ni kidogo sana. Kwa namna hii siwezi kukupasua."

Maman, mama yangu, aliyekuwa ameketi pembeni, akasimama. "Dogiteri, huyu mutoto yangu hajapuliza mashine. Amepuliza pasi!"

"Pasi gani, Maman?"

"Ya makaa! Bafundi banapuliza polepole, majivu isiruke kwa nguo ya batu."

Nikaona haya. Ni kweli, nilipuliza kwa adabu zangu zote.

Daktari akacheka. "Hapa hakuna nguo. Vuta yote, toa yote, mpaka tumbo liguse mgongo!"

Nilipuliza mara tatu, na kipimo kikapanda. Machozi yalinitoka, na mkojo kidogo. Kisha wakanichoma sindano, wakapiga picha kuona damu inapita pafu lipi. La kushoto lilikuwa giza karibu lote.

"Unaona? Huyu aliacha kazi zamani," daktari akasema. "Wa kulia ndiye anakubeba. Tukimtoa mvivu, utapoteza kidogo tu." Akapiga hesabu ya pumzi itakayobaki, akaandika: inatosha.

Baada ya upasuaji mbavu ziliuma ajabu. Kucheka kulikuwa adhabu, na Maman hakuacha kunichekesha. Miezi ikapita, nikarudi kupuliza. Daktari akalinganisha na hesabu yake. "Kijana, umenizidi!"

Alhamdulillahi. Asante daktari, na asante Maman kwa mdomo wako usionyamaza. Nanyi mkipewa ule mrija, msibakize kitu kifuani. Mkiwa hamjaelewa, ulizeni.

Adabu niliirudisha kwa pasi. Jana nilipuliza makaa polepole, na gauni la bibi harusi wa kwanza kutoka Bukavu likatoka jeupe kabisa.