Nywele za Shangazi Zuhura

Katika utoto wangu pale Mambrui, nilipokuwa na miaka minane hivi, hakuna kazi niliyoipenda kama kumchana nywele shangazi Zuhura, dadake baba. Zilimshuka hadi kiunoni, nyeusi, nzito, na harusi yake ilikuwa imebakiza miezi mitatu. Alasiri moja nilizishika kwa mikono miwili nikasema, "Shangazi, ningekuwa nazo mimi hizi, nisingetaka kitu kingine duniani."

Bibi alikuwa amenionya mara nyingi nisisifu kitu cha mtu bila ya kusema mashaallah, jicho langu lisije likamdhuru. Siku ile nilisahau. Nilipokumbuka, sikumwambia mtu.

Wiki haikupita, nywele zikaanza kung'oka. Hazikukatika, ziling'oka na mizizi yake, bila maumivu yoyote. Asubuhi tulizikuta juu ya mto zimejikunja duara, kama mtu kazipanga. Bibi alizizika nyuma ya nyumba asije mtu akaziokota, na kesho yake tukakuta nyingine. Shangazi akaacha kutoka nje.

Ndipo bibi akaanza kuuliza ni kitu gani kipya kilichoingia nyumbani. Kilikuwa kimoja tu, chai ya kijani. Mama yangu, aliyeolewa pale kutoka Marafa, alikuwa akifanya usafi katika hoteli moja Malindi, na mgeni aliyeondoka alimwachia boksi zima. Shangazi aliinywa kila asubuhi apate kupungua mwili kabla ya harusi.

"Mama Asya," bibi alimwambia mama, kwa upole kabisa, "chai hii umeitoa wapi?"

"Hotelini, mama. Wazungu huinywa kila siku."

"Wazungu si Zuhura."

Mama alichemsha maji, akatia vipakiti viwili, akanywa mbele yetu. Alifanya hivyo kila siku kwa wiki mbili, na kila asubuhi bibi alichukua shanuo la mama akalitazama kwenye mwanga wa dirisha. Halikuwa na unywele hata mmoja. Nilidhani mambo yamekwisha. Siku ya mwisho bibi aliliweka shanuo chini taratibu.

"Mbona zako hazing'oki?" akamuuliza.

Mchana ule shangazi hakugusa chakula alichopika mama, na baba naye akaisukuma sahani yake pembeni. Mama alibaki na upawa mkononi. Uso wake ule nauona mpaka leo.

"Ni mimi, bibi," nikasema. "Mimi ndiye niliyezisifu."

Bibi hakunigombeza. Alileta beseni, akaniosha uso, mikono hadi viwiko, kisha miguu, na maji yale yale akayapeleka kwa shangazi, kumwondolea jicho langu. Shangazi aliinama. Bibi akammwagia kutoka nyuma, polepole, midomo ikisoma. Maji ya uso wangu yalipita juu ya mabaka meupe ya kichwa chake, nami nikahisi baridi utosini mwangu mwenyewe.

Mwezi haukuisha, nywele zikaacha kung'oka. Harusi ikafanyika.

Nilipokuwa mtu mzima nilimsimulia daktari mmoja. Aliniuliza kama shangazi aliwahi kuugua kabla ya hapo. Kweli, alikuwa ameshikwa na homa kali miezi miwili au mitatu nyuma. Daktari akasema homa hufanya hivyo, nywele hupukutika baadaye na kurudi zenyewe. Kikombe cha chai ya kijani hakingezing'oa wala kuzirudisha. Ninamwamini. Ila nikiyakumbuka yale maji, mwili hunisisimka.

Mwaka uliofuata harusi mama alijifungua mtoto wa kiume. Kila nilipoingia chumbani, bibi alimfunika uso kwa kanga. Siku moja, bibi alipotoka nje, mama alimfunua akaniwekea mapajani.

"Mtazame ndugu yako," aliniambia.

Nilimpakata, nikamsikia akipumua, lakini macho nilikuwa nimeyafumba.

Sijutii kusema kwamba ni mimi. Ila imenichukua miaka mingi kuweza kumtazama mtu ninayempenda bila ya kuogopa kwamba nitamdhuru.