Madawati ya Mama Stanley

Saa nane mchana, Yombo Vituka. Sekela Mwakatobe anafunika cherehani yake kwa kipande cha khanga, anachukua chaki, anavuka uchochoro hadi upenuni kwa Bi Najat. Wanawake kumi na saba wamekwisha kaa mkekani, miguu wameinyoosha. Kila mmoja anasuka ukili, ule utepe mrefu wa miyaa ya mkindu ambao baadaye hushonwa ukawa mkeka.

"Haya, nani atatusomea mstari wa kwanza?"

"Mwajabu!" wanajibu wengi kwa pamoja.

"Mie jana nimesoma. Kwani nimeolewa na huo ubao?" anasema Mwajabu, lakini anasoma. Macho yako ubaoni, vidole havisimami.

Sekela, ambaye hapa wanamwita Mama Stanley, ana miaka arobaini na miwili. Ni mzaliwa wa Rungwe. Alifanya kazi katika kiwanda cha nguo hapa mjini mpaka mwaka 1991, wafanyakazi walipopunguzwa. Kiinua mgongo alinunulia cherehani. Siku hizi anapunguza nguo za mitumba. Suruali ya Mzungu mnene anaikata mpaka imwenee kijana wa Yombo. Siku ikiwa nzuri anapata shilingi mia nane. Kwa kufundisha halipwi kitu.

"Nilikuwaga nasaidia darasa la watu wazima pale kiwandani," anasema. "Nilipokaa nyumbani nikaona napungukiwa. Bi Najat akaniambia, mwanangu, njoo utufundishe sie huku."

Mwaka jana kijana wa Kiholanzi, aliyekuwa akijitolea kufundisha hesabu katika sekondari ya jirani, alilipenda darasa hilo. Aliwaeleza walimu wastaafu wa mji wao, nao wakachanga shilingi laki moja na themanini. Waliahidi kutoa ruzuku nyingine baada ya mwaka, iwapo darasa litakuwa bado hai.

Sekela hakusita. Alimwita Albano, seremala wa mtaa, akamtengenezea madawati manane na ubao mpya. "Darasa nililolijua mimi ni la madawati," anaeleza. "Nilitaka wakae kama wanafunzi wengine."

Siku ya kwanza walikaa, wakacheka, wakabanana. Wiki ya pili mmoja alikuwa na mgeni, mwingine msiba, mwingine mtoto ana homa. Kabla mwezi haujaisha walibaki watano.

Sekela alidhani waume wamewakataza. Akamfuata Mwishehe, mume wa Mwajabu, akamwamkia na kumuuliza kwa adabu. "Mie sijamkataza mtu," Mwishehe akamjibu. "Kakataa mwenyewe. Muulize."

Jibu alilipata kwa Bi Najat. "Mwanangu, umetupanga kama tunasubiri dawa zahanati. Kila apitaye anatuona tumekaa mikono mitupu mchana kweupe. Na ukili hausukwi juu ya dawati, miguu utainyoosha wapi?"

Kwa wanawake hawa, siku bila kusuka ni siku bila mboga. Kuna na lile jingine, ambalo Sekela anasema hakulijua kwa sababu kwao Rungwe hawasuki ukili: mkekani mwanamke yuko kazini, na hakuna awezaye kumsema. Kusoma kunakuja pamoja na kazi.

"Sikumlaumu mtu," anasema. "Mimi ndiye niliyewahamisha bila kuwauliza."

Mkeka ukatandikwa tena. Madawati aliiazimisha shule ya msingi, ambako watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakikaa sakafuni. Wanawake wakaanza kurudi, mmoja mmoja. Kisha, Februari mwaka huu, ikaja habari kwamba mama mmoja katika wale wastaafu yuko njiani kuja kuangalia mradi.

"Albano aliniambia, sista, tuyarudishe siku moja tu, mgeni akiondoka tunayabeba tena. Nilikaribia kukubali. Fedha ya pili ilikuwa inaondoka hivihivi naiona."

Kilichomzuia ni hesabu nyepesi. Akiweka madawati, mgeni angekuta watu watano wenye haya. Akiweka mkeka, angekuta darasa.

Mgeni alikuja na yule kijana wa hesabu, aliyemtafsiria. Swali lake la kwanza lilikuwa madawati yako wapi. Sekela akamweleza yote, na kosa lake hakulificha. Yule mama aliomba apelekwe shuleni, akawakuta watoto wamekaa wanne wanne kwenye kila dawati. Waliporudi alivua viatu, akakaa mkekani karibu na Mwajabu. Mwajabu akasoma ukurasa mzima bila kukwama.

"Sasa mnahitaji nini?" mgeni akauliza. Safari hii aliwatazama wanawake wote.

"Bati!" wakasema. Upenu wa Bi Najat unavuja, na masika darasa hufungwa, maana miyaa ikilowa inaoza.

Ruzuku ya pili ilifika mwezi Mei. Nguzo za banda zimesimama kando ya nyumba, na Albano anasema mabati yatapanda kabla ya vuli.

Mpango wa Sekela sasa ni kupata mtu wa kumpokea chaki. Anataka Mwajabu awafundishe wanaoanza.

"Mwakani ushike ubao, mimi nikae hapo nipumzike," anamwambia.

"Upumzike wapi, Mama Stanley? Mkekani hakai mtu mikono mitupu," Mwajabu anamjibu, na kumrushia kishungi cha miyaa.

Wanawake wanacheka. Sekela anakaa, ananyoosha miguu, anaanza kusuka. Amesuka kidogo tu, ukili wake umekwisha kwenda upande.

"Fumua," Mwajabu anamwambia. "Uanze tena. Taratibu."